Kipira cha Pedali

Alikuja na Kresta nyeupe, saa nne ya asubuhi,
viti vinanuka tumbaku ya Urambo,
akateremka kwa kushikilia mlango: goti kwanza, kisha yeye.
"Kruzi imekufa," akasema. "Nikibonyeza, taa yake inawaka.
Nikiomba mwendo, inanikalia kimya kama mkwe."

Mimi ni Kabula binti Shija, gereji yangu iko Cheyo,
nyuma ya mashine ya kukamua alizeti.
Bango sina. Wanaonitaka huuliza: yule mwanamke wa waya.
Kiloleni walikwisha kumtisha:
kompyuta, walisema, ya kuagiza Dar, wiki tatu.
Kompyuta! Siku hizi ndiyo pepo letu;
fundi asipoona kitu huitaja hiyo,
na mteja akaenda kuuza mbuzi.

Nilianza na vya karibu,
kama unavyotafuta sindano: kwanza pale ulipokuwa umekaa.
Fyuzi, nzima.
Mpira wa upepo nikaubana kwa vidole, hauvuji.
Waya wa mafuta una ulegevu wake wa halali,
kamba ya mbuzi aliyeshiba.
Nikazungusha usukani kushoto, kulia, huku napiga honi;
ikalia pande zote, basi mkanda wa ndani haujakatika.
Nikazunguka nyuma kufuata spana
nikaona
taa za breki zinawaka, nyekundu, jua la utosi,
na ndani ya gari hamna mtu.

Nikalala chali chini ya usukani,
tochi mdomoni, ladha ya betri kwenye ulimi.
Mkono wa pedali una tundu,
na tundu hilo huzibwa na kipira kisichozidi kifungo cha shati.
Kilikuwa kimezeeka, kimemeguka;
makombo yake nikayaokota kwenye kapeti.
Ncha ya swichi imepenya tunduni, haisukumwi na kitu,
basi gari likaamini mguu uko kwenye breki.
Limeegeshwa, linakwenda, usiku, mchana:
mguu uko kwenye breki.
Na gari lenye adabu haliwezi kushika mwendo
huku mwenyewe anasema simama.

Nilipomweleza, Mzee Mihayo alikaa juu ya ringi ya lori.
"Miaka thelathini na moja," akasema,
"behewa la mwisho, breki ya mkono,
Kigoma kwenda, Kigoma kurudi.
Mteremko niliusikia kwa nyayo.
Marehemu mke wangu alilalamika
hata kitandani nakanyaga."

Sikumjibu. Kazi yangu ni waya.

Kipira hicho dukani hakuna, watakuuzia swichi nzima.
Nikavua kandambili yangu ya kushoto, ya buluu,
nikakata duara karibu na kisigino,
nikalichonga kwa wembe, nikalisukuma tunduni
mpaka likasema tik.
Nyuma, taa zikazimika.

Tukatoka barabara ya Nzega.
Lami imenyooka, mizinga ya nyuki inaning'inia kwenye miombo.
Sabini. Akabonyeza.
Injini ikavuta pumzi, ikashika.
"Toa mguu," nikamwambia.
Hakutoa.
"Mzee, toa."
Akauinua polepole,
kama unavyoondoa mkono kichwani kwa mtoto aliyekwisha lala,
na mshale ukabaki pale pale, sabini,
na yeye akautazama mguu wake uliokosa kazi
kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama barabara,
mpaka nikapiga kelele: mbuzi!

Akakanyaga. Kruzi ikakata papo hapo.
"Imeharibika tena?"
"Hapana," nikasema, moyo bado uko kooni,
"hiyo ndiyo kazi yake ya pili."

Alilipa elfu kumi na tano na nusu chupa ya asali.
Jioni nikarudi nyumbani kwa miguu,
mchanga wa Cheyo unaingia kisiginoni
kwenye tundu la ukubwa wa kifungo.